Betri Si Shilingi

Mtoto akimeza shilingi hapa Turbo, kaunti ya Uasin Gishu, hakuna anayepiga mbio. Ataketishwa, apewe ndizi mbivu au tonge la ugali ili isukumwe, kisha mama ataambiwa awe anakagua choo kesho na kesho kutwa. Bibi zetu waliwalea wana wao hivyo, kogo kule Ngenyilel na kukhu upande wa Lumakanda, na sarafu nyingi zilitoka zenyewe bila kumsumbua mtu. Ni ujuzi uliotokana na mambo waliyoyaona kwa macho yao, nami siudharau, ingawa madaktari wangependa hata huyo aliyemeza sarafu wamwone.

Taabu ni kwamba nyumba zetu sasa zimejaa kitu kingine chenye umbo la shilingi, rangi ya shilingi na mng'ao wa shilingi, ambacho kikikwama kooni hakingoji kesho kutwa. Ni ile betri bapa ya duara ambayo wengi wetu tunaiita betri ya saa. Ndani ya saa mbili inaweza kutoboa koo la mtoto. Inaweza kumnyang'anya sauti, na inaweza kumuua wiki nzima baada ya kutolewa, wakati wazazi wamekwisha kumshukuru Mungu na kurudi nyumbani. Ninaandika haya kwa sababu utaratibu wa ndizi na ugali, uliotufaa kwa shilingi, ndio utakaomwangamiza mtoto aliyemeza betri.

Itazame betri yenyewe kwa karibu. Ile inayotajwa zaidi katika visa vibaya duniani ni ya namba CR2032. Tarakimu hizo ni vipimo: upana wake ni milimita 20 na unene ni milimita 3.2. Kwa upana inakaribia sarafu yetu ya shilingi tano. Upande mmoja ni mpana na umechorwa namba, alama ya kujumlisha na maandishi ya volti 3. Huo ndio chanya. Upande wa pili ni mdogo kidogo, hauna maandishi, na umezungukwa na mstari mwembamba wa plastiki. Huo ni hasi, na ndio unaounguza. Zipo ndogo zaidi, kama zile za LR44 zenye upana wa milimita 11.6, ambazo kwa kawaida hushuka hadi tumboni kwa urahisi zaidi. Hiyo ya milimita 20 ina balaa mara mbili: upana wake unatosha kukwama katika umio wa mtoto mdogo, na nguvu yake ni ya volti 3 wakati za zamani zilikuwa na volti moja na nusu.

Niliamua kujionea. Nilinunua robo kilo ya nyama ya ng'ombe, nikakata vipande vyembamba, kisha nikachukua betri kuukuu iliyotoka kwenye mizani ya jikoni. Mizani hiyo ilikuwa haiwaki tena, yaani betri ilikwisha kuhesabiwa kuwa imekufa. Niliilaza juu ya kipande kimoja, upande wa hasi ukigusa nyama, nikaifunika kwa kipande kingine. Pembeni niliweka shilingi tano katikati ya vipande viwili vingine, vivyo hivyo. Haikuchukua muda kabla mapovu madogo hayajaanza kuchomoza kwenye ukingo wa betri, yakitoa sauti hafifu ukitega sikio. Baadaye duara la kijivu lilijichora kwenye nyama, likawa la kahawia, likawa jeusi. Saa mbili zilipotimia niliinua kipande cha juu. Chini ya betri palikuwa na shimo jeusi lenye ute, na nilipoligusa nikiwa nimevaa glavu, nyama iliteleza na kumeguka kwa kidole kimoja. Kipande kilicholala chini ya shilingi kilikuwa vilevile nilivyokikata.

Hiyo ilikuwa nyama iliyokufa, juu ya sahani. Umio wa mtoto wa mwaka mmoja na nusu una ukuta mwembamba kuliko kile kipande, una maji muda wote, na unaibana betri kutoka pande zote.

Watu wengi wakisikia betri imemdhuru mtoto hufikiri imepasuka na kumwaga asidi, kama maji ya betri ya gari. Kinachotokea ni kingine, na ni muhimu tukielewe kwa sababu kinaeleza haraka yote hii. Betri ikikwama kooni, ukuta wenye majimaji unaiunganisha chanya na hasi, na umeme unaanza kupita palepale. Haihitaji kupasuka wala kuvuja. Umeme huo unayavunja maji ya mwilini, na kwenye upande wa hasi kunazaliwa haidroksidi, ile dawa kali iliyomo katika soda ya kutengenezea sabuni. Inayayeyusha mafuta na protini za mwili jinsi soda inavyoyageuza mafuta kuwa sabuni, ndiyo maana nyama yangu iliteleza. Uharibifu huanza ndani ya dakika kama 15. Na kwa kuwa maji huvunjwa hata na nguvu ya volti moja na kitu, betri isiyoweza tena kuwasha rimoti bado ina nguvu tele ya kuunguza koo.

Mwaka 2010, Dkt. Toby Litovitz na wenzake wa kituo cha taarifa za sumu mjini Washington, Marekani, walichapisha katika jarida la Pediatrics uchunguzi ambao madaktari wa watoto duniani wanautegemea hadi leo. Walipitia kumbukumbu za miaka mingi na kugundua kwamba kati ya 1985 na 2009, sehemu ya visa vya kumeza betri vilivyoishia kwa madhara makubwa au kifo iliongezeka mara 6.7. Si kwamba watoto walikuwa watundu zaidi. Betri ndizo zilizobadilika, zile za lithiamu zenye milimita 20 zikawa zimeingia katika kila kifaa. Walikuta watoto waliopata majeraha makubwa ndani ya saa mbili hadi mbili na nusu tu, na walioumia zaidi walikuwa wa chini ya miaka minne.

Takwimu mbili katika uchunguzi huo zinanitesa kila nikizikumbuka. Ya kwanza: asilimia 92 ya watoto waliofariki, hakuna mtu aliyewaona wakimeza. Ya pili: katika angalau asilimia 54 ya vifo, mtoto alipofikishwa kwa daktari alidhaniwa ana ugonjwa mwingine. Na uchunguzi huo ulifanywa Marekani, nchi yenye mashine za eksirei kila pembe.

Sasa mlete mtoto huyo hapa kwetu. Anatokwa na mate mengi, naye ndiyo kwanza anaota meno, nani atashangaa? Anakataa uji. Anakohoa, pumzi inakoroma kidogo, anatapika, labda homa inapanda. Msimu wa baridi ya Julai, hapa Uasin Gishu, nusu ya watoto wanaobebwa mgongoni kwenda kliniki wana kikohozi na homa. Atapewa dawa ya kikohozi na panadoli ya maji, arudishwe nyumbani, na hakuna mhudumu mvivu katika hadithi hii; dalili zenyewe hazina jina. Mtoto mdogo hawezi kusema alichokimeza, na mkubwa kidogo anaogopa kuchapwa.

Tuzihesabu saa. Mtoto anaachwa na dada yake wa miaka tisa, mama yuko shambani anapalilia mahindi. Saa tisa alasiri rimoti ndogo ya taa inaanguka, mfuniko unafunguka, mtoto anakiokota kile kinachong'aa. Saa kumi na moja mama anarudi na kumkuta analia, mate yanamtiririka, haendi kwenye titi. Saa mbili zimekwisha. Mama mkwe anasema ni koo, apakwe mafuta ya moto. Saa moja usiku wanapanda boda hadi Turbo mjini, katika hospitali ya kaunti ndogo. Kama hakuna aliyeitaja betri, foleni ni foleni. Kama imetajwa na betri ikaonekana kooni, itabidi mtoto apelekwe Eldoret, takriban kilomita 35, katika barabara kuu ambayo kila dereva wa huku anaijua, na malori ya Malaba yaliyopangana kutoka Jua Kali hadi Maili Nne. Betri haikusimama kuunguza hata dakika moja katika safari hiyo yote.

Bahati yetu, na tuitaje kwa sababu wapo Wakenya wengi wasio nayo, ni kwamba mwisho wa barabara hiyo kuna Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, na katika kiwanja chake hospitali ya watoto ya Shoe4Africa iliyofunguliwa 2015. Mtu wa Turbo yuko karibu na madaktari bingwa kuliko ndugu yake wa Lodwar au wa Kapenguria. Umbali wetu tunaweza kuushinda. Kinachotuua ni zile saa zinazopotea nyumbani kabla mtu hajasema neno "betri".

Kwa hiyo ukimshuku mtoto amemeza betri, hata kama hukumwona, hata kama ni kwamba mfuniko uko wazi na betri haionekani, ondoka saa hiyo hiyo. Usimpe ndizi, ugali, maziwa wala maji. Usimtapishe kwa kidole, kwa chumvi wala kwa kitu chochote. Kutapika kunaweza kuipeleka betri kwenye njia ya hewa, wala hakuitoi iliyokwama. Usimpige mgongo kwa matumaini kwamba itashuka. Usingoje uone kama ataugua, kwa sababu wapo wasioonyesha dalili yoyote wakati koo linaungua. Ukilipata pakiti la betri au kifaa ilikotoka, libebe. Namba iliyoandikwa humo itamsaidia daktari kujua ukubwa wake.

Kuna kitu kimoja kinachoruhusiwa, nacho ni asali. Mwaka 2018 madaktari wa Marekani, wakiwemo wa hospitali ya watoto ya Philadelphia, waliwajaribia watoto wa nguruwe vinywaji mbalimbali na kukuta kwamba asali hupunguza kuungua: ni nzito, hivyo huikinga ngozi ya koo, na ina ukali kidogo wa asidi unaopambana na ile haidroksidi. Tangu hapo mwongozo wa Marekani unasema mtoto aliyetimiza mwaka mmoja na anayeweza kumeza apewe vijiko viwili vidogo vya asali, yaani mililita 10, kila baada ya dakika 10, mara sita kwa wingi, ikiwa hazijapita saa 12 tangu ameze. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya sumu ambavyo utumbo wake hauvimudu. Wengi wetu tuna chupa ya asali kabatini, iliyotoka Baringo au bonde la Kerio. Ibebe na umlambishe mkiwa njiani. Lakini kama huna, usigonge mlango wa jirani kuitafuta. Asali inapunguza makali tu. Betri bado ipo pale, na dawa yake ni kutolewa.

Hospitalini, mtoto hupigwa eksirei. Na hapa nawaomba radhi wahudumu wetu wa vituo vidogo ambao wanalijua jambo hili, maana naliandikia pia asiyelijua: sarafu na betri zinafanana sana katika picha, ila ukitazama vizuri, sarafu ni duara moja lililojaa, na betri ina duara ndani ya duara, kama kivuli cha ukingo. Ukimpiga picha kwa ubavu, betri ina kidaraja pale upande mdogo unapokutana na mkubwa, sarafu imenyooka. Picha ianze shingoni hadi tumboni, si kifua peke yake. Ikionekana kwenye umio, mtoto hupelekwa chumba cha upasuaji, hulazwa kwa dawa ya usingizi na betri kuvutwa kwa kifaa chenye kamera kinachopita mdomoni. Kwa kawaida mtoto anayetiwa usingizi hutakiwa kukaa saa kadhaa bila chakula. Kwa betri iliyokwama kwenye umio madaktari hawangoji saa hizo, hata kama amekula. Na ndiyo maana simu ya kutoka Turbo kwenda Eldoret, ikipigwa kabla mtoto hajapakiwa kwenye gari, inaweza kuokoa nusu saa ya kuandaa chumba.

Betri ikikutwa imeshafika tumboni, mara nyingi hutoka yenyewe, na daktari ndiye atakayesema kama mtoto arudi nyumbani au aendelee kuangaliwa. Mzazi hawezi kulijua hilo kwa kumtazama mtoto. Na betri iliyosukumwa puani au sikioni ni dharura vilevile. Hutoboa ukuta wa kati wa pua kwa saa chache. Usiweke matone ya dawa, mafuta wala maji humo, kwa kuwa majimaji ndiyo yanayoupitisha umeme.

Kuna jambo ambalo wazazi hawaambiwi vya kutosha: betri ikitoka, jeraha halisimami. Nyama iliyoungua huendelea kulegea na kumomonyoka kwa siku kadhaa. Umio umelala mgongoni mwa njia ya hewa, na pembeni yake unapita mshipa mkuu unaobeba damu yote kutoka moyoni. Jeraha likichimba mbele, tundu hufunguka kati ya chakula na hewa, na maziwa ya mtoto huingia mapafuni. Likiifikia mishipa ya fahamu inayoendesha sauti, mtoto hubaki na sauti ya kukwaruza au bila sauti. Likiufikia mshipa mkuu, mtoto hutokwa na damu ambayo hakuna daktari anayeiwahi. Wapo watoto waliofariki hivyo siku nyingi baada ya kuruhusiwa kurudi nyumbani. Kwa hiyo mtoto aliyetolewa betri akitapika damu hata kijiko kimoja, au choo kikawa cheusi kama lami, arudishwe hospitalini saa hiyo hiyo. Na wengine waliopona huishia na kovu linaloubana umio, wakawa wa kurudi tena na tena kupanuliwa koo, wakilishwa kwa mpira uliopitishwa tumboni.

Hizi betri zinatoka wapi? Nilitembea kando ya barabara kuu hapa Turbo, kwenye vibanda na kwa wachuuzi wanaotandaza bidhaa chini, nikawa nageuza vitu na kutazama migongo yao. Kuna saa za watoto zenye picha za katuni. Kuna vijitochi vya kutundika kwenye funguo, vidude vya kuzungusha vinavyotoa mwanga, viatu vya watoto vinavyowaka kisigino, kadi za kuimba, mishumaa ya plastiki ya siku ya kuzaliwa, rimoti nyembamba za taa za mapambo na za redio za gari. Baadhi vilikuwa na mfuniko uliofungwa kwa skrubu. Vingi havikuwa nayo. Nilinunua kimoja cha kuwaka rangi, cha mtoto wa miaka miwili au mitatu, nikakiachia kutoka usawa wa kiuno juu ya sakafu ya simenti. Mfuniko uliruka upande mmoja, na betri tatu ndogo zikabingirika upande mwingine.

Kwa fundi mmoja wa saa na redio nilikuta kopo la rangi miguuni pake, wazi, limejaa nusu ya betri alizozibadilisha. Kando yake alikaa mtoto wa mteja, wa miaka kama miwili, akichokoachokoa mchanga. Nilimwuliza fundi kama haogopi. "Hizo zimekufa, mama," akanijibu kwa upole, naye ni mtu mwema aliyeamini anachosema. Nilipomweleza alilifunika kopo palepale na kulipandisha juu ya rafu.

Wala tusidhani ni vitu vya kuchezea tu. Mashine za kupimia sukari za wazee wenye kisukari, nyingi zinatumia hiyo hiyo ya milimita 20. Kipimajoto cha kidijitali kina ndogo. Vifaa vya kusaidia kusikia vina ndogo zaidi, na huwa zinabadilishwa mara kwa mara. Mjukuu anayetumwa kwa kogo wikendi anaingia katika nyumba ambayo kwa miaka ishirini haikuwa na mtoto wa kutambaa, na betri za akiba ziko kwenye kisahani mezani, pamoja na vidonge.

Sheria inaweza kulitatua hili kwa kiasi kikubwa, na nasema hivyo kwa sababu imewahi kulitatua jambo la namna hii. Mwanzoni mwa karne ya 20, kule Philadelphia, alikuwepo daktari wa koo aitwaye Chevalier Jackson. Aliwatoa watu maelfu ya vitu walivyovimeza, akavihifadhi. Zaidi ya 2,000 vimo katika jumba la makumbusho la Mütter mjini humo mpaka leo. Lakini waliomsononesha zaidi walikuwa watoto waliokunywa soda kali ya kufulia na kusafishia, iliyouzwa madukani bila onyo lolote. Koo zao ziliungua jinsi zinavyoungua kwa betri leo, kwa kemikali ileile. Jackson hakuridhika na kuwatibu. Aliwaendea wabunge miaka na miaka, hadi mwaka 1927 Marekani ikapitisha sheria iliyolazimisha soda hiyo na dawa nyingine za kuunguza ziandikwe onyo la sumu.

Karibu miaka mia moja baadaye, wazazi wengine wamelazimika kuifuata njia hiyo. Australia, baada ya kuwapoteza watoto watatu, ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuweka masharti ya lazima kuhusu betri hizi, na yakaanza kutumika tarehe 22 Juni 2022. Agosti mwaka huohuo Marekani ikapata Sheria ya Reese, yenye jina la mtoto wa kike wa Texas aliyefariki Desemba 2020 akiwa na miezi 18, baada ya kumeza betri ya rimoti. Sheria hizo hazidai makubwa. Zinataka mfuniko wa betri usifunguke kwa kidole cha mtoto, bali kwa bisibisi au kwa kubonya na kusogeza kwa pamoja. Zinataka pakiti za betri ziwe ngumu kwa mtoto kuzifungua, na onyo liandikwe mahali linapoonekana. Kampuni moja kubwa ya betri nayo imeanza kuzipaka zake dawa chungu sana ili mtoto aziteme. Hilo linasaidia, ingawa betri nyingi zinazouzwa kando ya barabara zetu hazina jina la kampuni hiyo.

Gharama ya skrubu moja haiwezi kuwa sababu ya kumpoteza mtoto. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini, KEBS, limekuwepo tangu 1974, na lina utaratibu wa kuzikagua bidhaa katika nchi zinakotoka kabla hazijapakiwa kuja Mombasa. Upo pia mwongozo wa kimataifa wa vitu vya kuchezea vinavyotumia umeme, unaotaka betri ndogo zisitoke bila kifaa cha kufungulia. Nilichokiona Turbo ni kwamba bidhaa zisizofuata kiwango hicho zinafika hadi mkononi mwa mtoto bila mtu kuzizuia. KEBS wazifuate kuanzia kontena hadi kibandani, na wabunge wetu wasingoje mtoto wa Kenya awape jina la sheria.

Kaunti nayo ina jeshi tayari. Septemba 2023 serikali iliwakabidhi mikoba ya kazi wahamasishaji wa afya ya jamii takriban 100,000 kote nchini. Wanaingia nyumba hadi nyumba, wanajua nani ana mtoto wa kutambaa na mzee yupi anapima sukari. Watu wa Turbo wamezoea kufunguliana milango kwa ajili ya afya. Mpango wa afya wa AMPATH ulizunguka maboma haya miaka mingi iliyopita ukipima virusi vya Ukimwi nyumbani kwa watu, na ukapokelewa. Mhamasishaji akiongeza swali moja tu katika ziara yake, "Betri za duara mnaziweka wapi?", atakuwa amefanya kazi ambayo hakuna bango la barabarani litakaloifanya.

Nasi tusikae tukiwangojea. Geuza rimoti, saa, mizani na kila kinachowaka ndani ya nyumba, utazame mfuniko wake. Usiokuwa na skrubu uzungushie utepe wa gundi, ule mzito wa fundi umeme. Betri ikiisha, ifunge kwa utepe pande zote mbili mara tu inapotoka, uiweke juu ambako mtoto hafiki hata akipanda kiti. Mfundishe dada wa miaka tisa, kwa kuwa ndiye mlezi halisi wa mchana katika nyumba nyingi, na umwahidi kwamba hatachapwa akija kusema.

Na siku ikitokea, mambo ya bima ya afya ya SHA na ya nauli yatafuata baadaye. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 43, inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mwambie mtu wa kwanza utakayemkuta mapokezi, kwa sauti na bila haya: "Huenda mtoto wangu amemeza betri. Naomba apigwe eksirei kutoka shingoni hadi tumboni, sasa hivi."